NANI ATAMLISHA ALIYEZEEKA KAZINI?
Somo la vikundi vya wafanyakazi, Nkungu



Somo la safari hii linahusu uzee. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiri ni jambo la nyumbani tu: la mzee na watoto wake, na chama hakina la kusema. Hapa Nkungu, na katika wilaya nzima ya Rusizi, tumeona mengine. Uzee wa mtu mmoja ni jambo la nyumbani. Uzee wa watu wengi kwa wakati mmoja ni jambo la uchumi, lenye mahesabu yake, sheria zake, watu wanaopata na watu wanaokosa. Ndiyo maana tunaliweka katika masomo yetu pamoja na mshahara, mkataba na ajali za kazini.

Tutajibu maswali matatu. Kwanza, kuongezeka kwa wazee kunafanya nini kwa uchumi wa nchi? Pili, kunagawaje mapato kati ya watu? Tatu, sisi tufanye nini wakati bado tuna nguvu? Msomaji wa kikundi asome sehemu moja, asimame, watu waulize, ndipo aendelee.

1. HESABU YA WATU

Mwaka 1978, nchi yetu ya Rwanda ilipohesabu watu, ilikuta karibu milioni 4.8. Mwaka 2022 tulikuwa milioni 13.2. Kila mtu anajua kwamba tumeongezeka. Wasilolijua wengi ni kwamba namna ya kuongezeka imebadilika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwanamke wa Rwanda alizaa kwa wastani watoto zaidi ya 8. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha wastani wa watoto 3.6. Wakati huohuo watu wanaishi zaidi. Mwaka 2012 mtoto aliyezaliwa alitazamiwa kuishi miaka 64.5; mwaka 2022 ilikuwa miaka 69.6. Chanjo, chandarua, dawa za kupunguza makali ya ukimwi na bima ya mituweli vimefanya kazi yao, na tunashukuru.

Sasa unganisha mambo hayo mawili. Watoto wanaozaliwa kwa kila mama wanapungua, na watu wazima wanachelewa kufa. Matokeo yake ni kwamba sehemu ya wazee inakua. Mwaka 2012 watu wa miaka 60 na zaidi walikuwa karibu 5 katika kila watu 100. Mwaka 2022 walizidi 6 katika kila 100, yaani zaidi ya watu laki 8 nchi nzima.

Mtu atasema: sita katika mia ni kidogo, Japani wana karibu thelathini katika mia wenye miaka 65 na zaidi. Ni kweli, sisi bado ni taifa la vijana. Zaidi ya theluthi moja yetu hawajafika miaka 15. Lakini angalieni mwendo. Ufaransa ilichukua zaidi ya miaka 100 kutoka wazee 7 hadi wazee 14 katika kila watu 100, na katika muda huo ilijenga viwanda, reli na mifuko ya pensheni. Japani ilipita njia hiyohiyo kwa karibu miaka 25. Nchi zinazozeeka baadaye huzeeka haraka. Wenzetu wa Ulaya walitajirika kwanza, wakazeeka baadaye. Sisi huenda tukazeeka kabla ya kutajirika. Hilo ndilo jambo la kuogopa.

Hapa Rwanda lazima tuseme na jambo jingine. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliua zaidi ya watu milioni moja. Kuna wazazi waliobaki bila mtoto hata mmoja. Wakati wengine wanasema "mtoto ndiye akiba ya uzeeni", hao akiba yao iliuawa. Baadhi yao wanatunzwa katika nyumba za Impinganzima, na moja ya nyumba hizo iko hapa Rusizi. Mfano huo utufundishe sote: mpango wa uzee unaotegemea watoto peke yao huvunjika watoto wasipokuwapo, iwe kwa mauaji, kwa ugonjwa, au kwa kwenda mbali kutafuta kazi.

2. UZEE UNAFANYA NINI KWA UCHUMI

Tuchukue mfano wa nyumba mbili.

Nyumba ya kwanza ina watu 8: watatu wanafanya kazi, wanne ni watoto, mmoja ni bibi. Wafanyakazi watatu wanalisha midomo minane. Nyumba ya pili ina watu 6: watatu wanafanya kazi, mmoja ni mtoto, wawili ni wazee. Hapa watatu wanalisha sita. Kwa hesabu ya haraka nyumba ya pili ina nafuu.

Kati ya nyumba hizo mbili kuna kipindi ambacho watoto wamepungua na wazee bado si wengi, na wenye nguvu za kazi ndio walio wengi. Nchi kadhaa za Asia, kama Korea ya Kusini, zilikitumia kipindi kama hicho kupanda juu. Rwanda inaingia katika kipindi hicho sasa.

Lakini kipindi hicho hakileti kitu chenyewe. Kijana mwenye nguvu asiye na kazi hazalishi. Kijana anayefanya kibarua cha siku moja moja na kula chote jioni, hazalishi akiba. Nchi inapokuwa na vijana wengi wanaolipwa vizuri, wanaweka akiba, akiba inakuwa mtaji, mtaji unajenga viwanda na barabara, na wazee wa kesho wanapata kitu cha kula. Nchi inapokuwa na vijana wengi wa kibarua, kipindi kinapita, vijana wanakuwa wazee, na hakuna kilichowekwa.

Kisha hufika wakati wa nyumba ya pili. Hapo uchumi huguswa kwa njia tatu. Ya kwanza ni mikono: wanaotoka kazini ni wengi kuliko wanaoingia, na kazi ya jembe na ya kubeba magunia hupungua isipopatikana mashine au ujuzi. Ya pili ni akiba: mwenye kipato badala ya kuweka, anatoa, kwa dawa ya baba ya shinikizo la damu, kwa sukari ya mama, kwa nauli ya kwenda hospitali. Ya tatu ni fedha ya serikali: watu wa kusaidiwa wanaongezeka, na walipa kodi hawaongezeki kwa kasi hiyo.

Tusiseme hata hivyo kwamba mzee ni mzigo mtupu. Tembea Nkungu asubuhi uone nani anabaki na wajukuu wakati mama zao wako shambani au sokoni Kamembe. Vijana wetu wanashuka Bugarama kwenye mpunga na saruji, wengine wanavuka kwenda Bukavu, na nyumba inashikwa na bibi. Kazi hiyo haiandikwi katika pato la taifa, lakini bila hiyo mama asingekwenda kazini.

3. UZEE UNAGAWAJE MAPATO

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Wataalamu wengi wanauliza wazee watakuwa wangapi. Mfanyakazi aulize zaidi: katika uzee huo nani atakuwa na kitu na nani hatakuwa nacho?

Katika ujana tofauti kati yetu ni ndogo. Karani wa ofisi na kibarua wa mashamba ya chai wote wanaamka alfajiri, wote wanalalamika kwamba bei ya maharage imepanda. Karani anapata zaidi, lakini kibarua naye ana mikono yake. Wakifika miaka 65 tofauti inakuwa bonde. Karani ana pensheni kila mwezi mpaka kufa, na akifa mjane wake anapata sehemu. Kibarua mikono imeisha, na mikono ndiyo iliyokuwa mali yake yote.

Tofauti hiyo haiishii kwao wawili. Mtoto wa karani anaanza maisha bila kumlisha baba; mshahara wake wa kwanza ananunua shamba au analipa ada ya mafunzo. Mtoto wa kibarua mshahara wake wa kwanza unagawanywa kwa wazazi. Akiwa binti, mara nyingi ndiye anayeitwa arudi nyumbani kumuuguza mama, na huo ndio mwisho wa kazi yake. Kwa njia hiyo umaskini wa baba unakuwa umaskini wa mtoto, na nchi ikizidi kuzeeka mgawanyiko huo unazidi kupanuka.

Tutazame na ardhi. Zamani mzazi alimpa kijana umunani, sehemu ya shamba ya kuanzia maisha. Leo familia nyingi zina chini ya hekta moja. Mzee asiye na pensheni hawezi kuachia shamba, kwa sababu ndilo chakula chake; kijana anasubiri bila ardhi na bila kazi. Wakati mwingine mzee anauza kipande akalipe hospitali, na anayenunua ni yule mwenye mshahara wa mjini. Hivyo ardhi inatoka polepole mikononi mwa wasio na pensheni na kwenda kwa wenye nayo.

Wanawake wanapata hasara mara mbili. Wanaishi zaidi ya wanaume, kwa hiyo wajane ni wengi. Na miaka yao mingi ya kazi ilipita nyumbani, shambani na sokoni, mahali pasipo na kitabu cha michango.

4. SHERIA YA PENSHENI INASEMAJE

Mfuko wa hifadhi ya jamii ulianza mwaka 1962 kwa jina la Caisse Sociale. Tangu mwaka 2010 umeunganishwa na bima ya afya ya watumishi na kuitwa RSSB. Sheria inayotawala pensheni ni ya mwaka 2015. Kila mwanachama ajue mambo manne.

Jambo la kwanza: mfanyakazi yeyote mwenye mwajiri anastahili kuandikishwa, bila kujali aina ya mkataba, muda wake au ukubwa wa mshahara. Anayesema "wewe ni kibarua, pensheni haikuhusu" anasema kinyume cha sheria.

Jambo la pili: mchango. Kwa zaidi ya miaka 60 ulikuwa asilimia 6 ya mshahara, nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi. Tangu Januari 2025 ni asilimia 12, yaani 6 kwa kila upande, na mpango uliotangazwa ni kupanda hadi asilimia 20 ifikapo mwaka 2030. Wengi wamenung'unika, na kweli mshahara unaobaki umepungua. Sababu yake ndiyo ileile ya somo hili: watu wanaishi zaidi, na mfuko unalipa miaka mingi zaidi kwa kila mstaafu. Sisi hatukatai mchango. Tunachodai ni mshahara unaotosha kuchanga na kula. Kima cha chini cha faranga 100 kwa siku kiliwekwa mwaka 1980 na hakikuguswa kwa zaidi ya miaka 40. Mtu hawezi kuweka akiba ya uzee kutoka katika mshahara usiotosha chakula cha mchana.

Jambo la tatu: miaka 15. Mtu akifika umri wa kustaafu, kuanzia miaka 60 akitaka, na miaka 65 kwa lazima, anapata pensheni ya kila mwezi, ile tunayoiita izabukuru, akiwa amechangiwa miaka 15, yaani miezi 180. Asipofikisha, anapewa malipo ya mara moja, basi. Mwezi mmoja usioandikwa unaweza kumnyima mtu mkate wa miaka yote iliyobaki.

Jambo la nne: kiasi. Kwa miaka 15 pensheni ni asilimia 30 ya wastani wa mshahara wa miaka ya mwisho ya kazi, na kila mwaka zaidi ya hiyo unaongeza asilimia 2. Tangu mwaka 2025 pensheni ya chini kabisa ni faranga 33,710 kwa mwezi. Tufanye hesabu. Mfanyakazi analipwa faranga 100,000 na amechangiwa miaka 30. Miaka 15 ya kwanza inampa asilimia 30, na 15 ya pili inampa asilimia 30 nyingine. Jumla ni asilimia 60, yaani faranga 60,000. Sasa tuseme mwajiri aliandika kwamba anamlipa 60,000 tu, ili apunguze mchango wake. Pensheni inakuwa 36,000. Mfanyakazi huyo anapoteza faranga 24,000 kila mwezi mpaka siku ya kufa, kwa sababu ya namba iliyoandikwa vibaya katika karatasi ambayo hakuwahi kuiona.

Katika mikutano yetu ya Nkungu tumesikia habari za mlinzi mmoja aliyelinda mali ya mwajiri wake zaidi ya miaka 20. Alipokwenda kuuliza, miaka iliyoandikwa haikufika kumi. Miaka mingine alihesabiwa kibarua, mingine jina lake liliandikwa tofauti na kitambulisho. Aliambiwa apokee malipo ya mara moja. Fedha hiyo iliezeka nyumba mabati, ikaisha. Leo mwanawe wa kwanza ameacha mafunzo ya useremala ili amlishe. Mzee huyo hakuwa mvivu. Alifanya kazi kama karani, na pengine zaidi. Kilichokosekana ni maandishi.

5. WALIOVUKA RUSIZI

Wilaya yetu iko mpakani. Wako wenzetu waliofanya kazi miaka mingi Bukavu na Uvira kabla ya kurudi. Rwanda, Burundi na Zaire, ambayo leo ni Kongo, ziliunda jumuiya ya CEPGL huko Gisenyi mwaka 1976, na mwaka 1978 zikatia saini mkataba wa hifadhi ya jamii, ili miaka ya mfanyakazi isipotee anapovuka mpaka. Mwenye karatasi za mfuko wa Kongo, ule ulioitwa INSS na tangu 2018 unaitwa CNSS, asizitupe. Azilete kwa mwakilishi wa chama tuzipeleke kuulizia.

6. NA WASIO NA MWAJIRI?

Tukisema pensheni, tunasema habari ya watu wachache. Karibu wafanyakazi 9 katika kila 10 nchini wako katika kazi zisizo rasmi: mkulima wa kahawa, mama wa soko, fundi, dereva wa pikipiki. Hawa hawana wa kuwachangia nusu.

Kwao ulizinduliwa mpango wa EjoHeza mwezi Desemba 2018. Mtu anaweka kidogo kidogo kadiri anavyopata, na anaanza kupokea akifika miaka 55. Akiba haiozi, na tunawashauri wanachama wajiunge. Hata hivyo tuseme wazi: akiba ya hiari humfaa zaidi mwenye ziada. Mwenye nacho ataweka kingi, mwenye kidogo ataweka kidogo, na asiye na kitu hataweka. Peke yake haiwezi kusawazisha mapato ya uzeeni.

Kwa maskini kabisa kuna msaada wa VUP ulioanza mwaka 2008, unaosaidia kaya zisizo na mtu wa kufanya kazi. Ni msaada wa kaya maskini. Uzee peke yake haumpi mtu haki ya kuupata. Majirani zetu wamejaribu njia nyingine. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mwenye miaka 70 na zaidi, awe alikuwa mkulima, mvuvi au karani. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wa miaka 70 na zaidi. Uganda inawalipa wa miaka 80 na zaidi shilingi 25,000 kwa mwezi. Ni fedha ndogo, na Uganda wengi hawafikii umri huo. Lakini kanuni ni nzuri: aliyelijenga taifa kwa jembe naye ana haki, hata kama hakuwa na mwajiri wa kumwandika. Chama chetu kinataka jambo hilo lizungumzwe na hapa.

7. TUFANYE NINI

Kijana wa miaka 30 leo atakuwa na miaka 65 baada ya miaka 35. Uzee wake unajengwa au unabomolewa mwezi huu, siku mwajiri anapopeleka majina. Basi tunawaomba wanachama wafanye haya:

Moja. Kila mwenye mwajiri aende ofisi ya RSSB, au atumie simu, akaangalie michango yake. Asisubiri kustaafu. Aangalie jina, namba ya kitambulisho, miezi na mshahara ulioandikwa.

Mbili. Atunze karatasi ya malipo ya kila mwezi. Asiyepewa aidai.

Tatu. Akiona upungufu, aanze kwa mwakilishi wa wafanyakazi mahali pa kazi. Isipopatikana suluhu, shauri liende kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya, na baada ya hapo mahakamani. Asiende peke yake; kidole kimoja hakivunji chawa.

Nne. Wawakilishi wetu waweke habari ya vibarua katika kila mazungumzo na waajiri. Anayefanya kazi mahali pamoja mwaka hadi mwaka ni mfanyakazi, hata akiitwa jina gani.

Tano. Nyumbani tugawane kazi ya kuuguza wazee. Tusimwachie binti peke yake.

Nchi kuwa na wazee wengi ni ushahidi kwamba watu wake wamepona na wameishi. Uchumi wetu unaweza kuwabeba wazee hao, mradi kazi ya leo ilipwe vema na iandikwe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kilima chetu, ni wazee wangapi tunaowajua wanaopata pensheni ya kila mwezi? Wengine wanaishi kwa nini?

2. Mfanyakazi analipwa faranga 80,000 na amechangiwa miaka 20. Pensheni yake ni kiasi gani? Je, akiwa ameandikiwa 50,000? Mkumbuke pensheni ya chini kabisa.

3. Kwa nini mzee asiye na pensheni huchelewa kuwapa watoto shamba? Nani hupata hasara?

4. Nani kati yetu amekwisha kuangalia michango yake mwaka huu? Kikundi kiandike majina ya wasioangalia, na kipange siku ya kwenda pamoja.

Majibu ya swali la pili na la nne yaletwe katika mkutano ujao.